Mwezi wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 4 Mei

Asubuhi rasharasha. Mchana mawingu. Moyo wangu vilevile.

Mkuu wa kituo katuita mezani kwake sote wawili. Nasema sote wawili maana kituo chetu cha hali ya hewa kina watu watatu tu: yeye, mimi, na mwenzangu ninayemwita Kipimo. Namwita hivyo kwa sababu hata sukari ya chai huisawazisha kijikoni kwa ukingo wa kisu. Kipimo ana meza ya dirishani. Mimi nina meza ya ukutani, natazamana na rangi iliyobanduka. Miaka yote hii napima anga bila kuliona.

Mkuu ni mama mpole, sijawahi kusikia sauti yake ikipanda. Kasema skrini yetu ya chini, ile inayotazama barabara, watu hawaisomi. Wanaipita kama nguzo. Mwenye wazo alete. Kipimo kasema tukuze herufi. Tukuze herufi! Hilo ni wazo au ni miwani? Mimi nikanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwenye wazo bora atapewa meza ya dirishani. Mkuu hakutamka hivyo, lakini nililiona jambo hilo machoni mwake.

Nyumbani mada ni moja. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaolewa Jumamosi hii. Ubishi: uani kwa baba mkwe, au ukumbi wa shule? Baba mkwe ni seremala, ua wake ni mpana na umezungukwa na maua, na shemeji amekuwa akiota kuolewa pale tangu akiwa mtoto wa kukalia magogo. Ila huu ni mwezi wa mvua. Basi wameshika ukumbi, kwa tahadhari. Mtu wa hali ya hewa yumo ndani ya familia, na hakuna aliyemuuliza! Baba mkwe huniita Mpiga Ramli. Mke wangu anasema ni kwa upendo.

Jumanne, 5 Mei

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Tarehe!

Hali ya hewa haina jipya. Jua, mawingu, mvua, basi. Tarehe ndiyo inayobadilika kila siku bila kukosa, na hakuna anayeijali. Nimeingia kwenye programu ya kituo, nikafungua mipangilio, na chini kabisa nikakuta kisanduku kimeandikwa "Mwonekano wa tarehe". Ndani yake: dd/MM. Maelezo yanasema dd ni siku, MM ni mwezi, nawe unazipanga utakavyo. Mamlaka makubwa namna hii, na hayana hata nywila!

Nimeamua kutanguliza mwezi. Niliwahi kuona hivyo kwenye picha ya kituo kimoja kikubwa cha ng'ambo. Tena ina heshima yake, mwezi uingie kwanza, siku ifuate nyuma, kama wakwe wanavyoingia sebuleni. Nikageuza. Nikashuka ngazi mbio kwenda kuiona kazi yangu.

05/05.

Nikapanda. Labda haikukubali. Nikageuza upya, nikashuka. 05/05. Nikapanda tena, nikashuka tena, mpaka fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akaniuliza kama tumbo limenivuruga. Hapo ndipo akili iliponirudia. Leo ni tarehe tano ya mwezi wa tano. Geuza usigeuze, sura ni moja.

Nimeiacha MM/dd. Kesho mtaa utaona.

Mei 6, Jumatano

(Kuanzia leo naandika hivi, mwezi mbele. Mtu aishi anachokihubiri.)

Skrini ilisema 05/06. Saa mbili asubuhi dobi wa kona kapanda ngazi zetu akihema, shati la mtu mkononi. Huyu ndiye msomaji wetu wa kweli. Haaniki hata soksi kabla ya kuitazama skrini. Kauliza kama ni kweli leo ni tarehe tano, mwezi wa sita. Maana kama ni kweli, amelala mwezi mzima na mkewe hakumwamsha. Nikamweleza taratibu kwamba ni mwezi tu umetangulia. Kauliza umetangulia kwenda wapi.

Nikaona tatizo liko kwenye tarakimu. Watu wanataka maneno. Nikabuni mwonekano mpya: jina la siku, kisha "tarehe", kisha dd, kisha "mwezi wa", kisha mm. Nikahifadhi. Nikamimina chai kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi.

Vicheko vilipoanza nilidhani ni furaha. Kipimo alikuwa juu ya paa akikagua kipima mvua, kwa hiyo nikachungulia kupitia dirisha lake. Watu wamejaa chini. Skrini inasema: Jumatano, tarehe 06, mwezi wa 41. Sijameza hata funda moja, ikasema mwezi wa 42.

Mlangoni kwa fundi cherehani alisimama mama aliyeahidiwa gauni mwisho wa mwezi. Nilimsikia mpaka huku juu. "Miezi mitatu imekwisha nikiwa nimesimama hapa! Gauni langu liko wapi?" Dobi alikaa kwenye ngazi, kashika tama.

Kipimo kashuka kutoka paani. Katazama mara moja tu. Kasema mm ndogo ni dakika, mwezi ni MM kubwa. Kasema bila kucheka, na hapo ndipo paliponiuma. Nikamjibu kwamba najua, nilikuwa naujaribu mfumo.

Mkuu naye kaja. Sauti haikupanda. Kasema, "Rudisha kama ilivyokuwa. Siku kwanza, mwezi baadaye. Na hiyo tarehe usiiguse tena." Akaongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimerudisha kwa mkono wangu mwenyewe, yeye akiangalia. dd/MM.

Haidhuru. Mkuu alitaka skrini isomwe. Leo nani hakuisoma? Skrini imerudi nyuma, ila mimi sirudi. Katika shajara hii na katika kichwa changu, mwezi utatangulia daima.

Mei 7, Alhamisi

Siku yangu!

Baba mkwe kanipigia simu kazini. Hajawahi. Kasema shemeji analia tangu jana, hautaki ukumbi, anautaka ua. Kauliza kama mitambo yetu inaweza kumsaidia mzazi. Na kaniita "mwanangu". Si Mpiga Ramli. Mwanangu!

Nikaomba anivumilie kidogo. Utabiri sikuutazama. Utabiri ni maneno. Kumbukumbu ndizo ushahidi. Nikafungua rekodi za mvua za miaka iliyopita na kuitafuta Mei tisa. 05/09. Mwaka jana: sifuri. Mwaka juzi: sifuri. Nikazidi kurudi nyuma. Sifuri, sifuri, sifuri! Jua kutwa, upepo mwanana. Nilitaka kuinuka nicheze, lakini Kipimo alikuwepo.

Nikampigia. Nikashusha sauti, ikawa nzito ya kitaalamu. Nikamwambia tarehe hiyo haijawahi kunyesha tangu kituo hiki kijengwe. Baba mkwe kashusha pumzi. Kasema basi ukumbi atawaachia wanakwaya, walikuwa wanauomba sana. Shemeji kampokonya simu, kalia tena, safari hii kwa furaha. Kasema wema wangu hatausahau maisha yake yote.

Jioni mke wangu kauliza mbona leo imenyesha. Na jana. Na juzi. Nikamwambia anga lina kumbukumbu zake. Kasema yeye anajua kitu kimoja, dalili ya mvua ni mawingu. Nimemsamehe. Hakusomea.

Mei 8, Ijumaa

Kipimo kasikia habari za ukumbi kutoka kwa fundi cherehani, anayeshona suti ya bwana harusi. Kauliza kama ni kweli tumeuachia. Kasema utabiri wa kesho ni mvua kubwa kuanzia adhuhuri. Nikamjibu kwamba wivu haupimwi kwa milimita.

Nikamketisha mbele ya kompyuta ajionee sifuri zangu. Katazama muda mrefu. Kisha kaweka kidole kwenye 05/09. Kauliza hii ni siku gani. Mei tisa, nikasema. Kauliza kwani juzi si niliirudisha siku mbele, Mkuu akiwa amesimama pale pale? Rekodi nazo hufuata mpangilio ule ule, basi hii ni tarehe tano Septemba. Kiangazi chenyewe.

Nikamwambia chai yake inapoa.

Kipimo alipoondoka nikatafuta 09/05. Sitaandika nilichokiona. Niseme tu kwamba mwaka juzi, siku hiyo, kipima mvua kilifurika.

Njia zilikuwa mbili. Kumpigia baba mkwe na kusema ukweli. Au njia nyingine. Nikashika njia nyingine.

Kwanza ukumbini. Wanakwaya wameshapanga viti na kupamba jukwaa. Kiongozi wao, bibi mmoja mwenye shingo ndefu, kanisikiliza hadi mwisho, kisha kasema ukumbi huu waliuombea, na Mungu akishajibu hajibu tena kinyume.

Kisha kwa dobi. Ana turubai kubwa la plastiki la kufunikia kamba za nguo. Kauliza la nini. La kivuli, nikamwambia, kesho jua litakuwa kali. Katazama juu. Kanitazama mimi. Kanipa bila neno. Afadhali angesema.

Jioni nimelifunga turubai: upande mmoja kwenye paa la karakana ya baba mkwe, upande wa pili kwenye nguzo za ua. Kanikuta juu ya ngazi. Nikasema ni kwa ajili ya jua, wazee wasiungue. Kanishikia ngazi. Kasema hakujua kwamba nina moyo wa kuwafikiria watu hivi. Nikaendelea kukaza mafundo. Sikuweza kushuka mpaka alipoondoka.

Jumamosi, 9 Mei

(Siku imerudi mbele. Sina nguvu za kubishana.)

Asubuhi jua. Jua! Kali, zuri, la bure. Nikaanza kuamini kwamba huenda Septemba imekuja mapema.

Wageni wakaketi. Shemeji katoka ndani, gauni jeupe, uso unang'aa. Aliponipita kaninong'oneza asante. Nikajitanua kifua. Kisha upepo ukageuka, ghafla, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha jikoni. Mimi naujua upepo huo. Nimeuandika mara nyingi.

Tone la kwanza lilitua kwenye kipara cha mjomba wa bwana harusi. Kajipangusa, katazama juu kumtafuta ndege.

Halafu ikaja yote. Kwa mkupuo. Watu wakakimbilia chini ya turubai, na kwa muda, nasema kweli, nilikuwa shujaa. Mama mkwe kanishika bega. Mjomba kasema kila familia ingepata mtu kama huyu. Nikainama kwa unyenyekevu. Nilipoinuka nikaona turubai linashuka katikati, taratibu, tumbo kama la ng'ombe aliyeshiba. Nikafungua mdomo nitoe onyo. Likapasuka.

Maji yote yalimwangukia baba mkwe. Yaliyobaki yakaipata keki.

Baba mkwe kajipangusa macho, kafungua milango ya karakana, kaashiria watu waingie. Wote wakaingia isipokuwa shemeji, aliyekuwa amejibanza upande wa pili wa ua, chini ya kipande cha paa kisichotosha hata kuku, matope yamemzunguka. Bwana harusi akataka kumbeba. Baba mkwe kamzuia. Karakana ilikuwa na kabati jipya, bado halijawekwa sakafu wala mbao ya nyuma. Wanaume wanne wakalibeba mvuani, wakamfunika nalo bibi harusi, wakatembea naye kwa hatua moja, mmoja akihesabu. Tukaona kabati linavuka ua likiwa limevaa viatu vyeupe.

Kutoka ndani ya kabati ikatoka sauti. Nikadhani analia. Nikatamani ardhi inimeze. Kumbe anacheka! Kacheka hadi mlangoni, wageni nao wakashika, na milango ya kabati ilipofunguliwa watu wakapiga makofi kama wamemwona kwa mara ya kwanza.

Wakaoana kati ya mbao na misumeno. Vumbi la mbao lilitushika sote tuliolowa, tukawa kama samaki waliopakwa unga wa kukaangia.

Baada ya viapo baba mkwe kanijia. Nikajiandaa. Kauliza jambo moja tu, kwa upole: "Mwanangu, hiyo tarehe isiyowahi kunyesha, ni ya nchi gani?" Nikaanza kumweleza kuhusu hitilafu za mitambo. Kanisikiliza nusu, kisha kaenda kucheza na mkewe.

Mke wangu kaja na ndoo. Paa lilikuwa linavuja pembeni. Kasema nisimame pale niishike, kwa kuwa kupima mvua ndiyo kazi yangu.

Basi nimeshika ndoo harusi nzima. Pale nilipokuwa nilimwona shemeji vizuri. Vumbi la mbao kwenye nyusi, gauni limeloa hadi magotini, na sijawahi kumwona mtu na furaha namna ile. Nikawaza, kidogo tu, kwamba leo ningeweza kumharibia siku moja ambayo mtu hapewi mara mbili. Ndoo ikajaa. Nikaenda kuimwaga.

Jumapili, 10 Mei

Kavu kutwa. Bila shaka.

Mke wangu haongei nami, isipokuwa neno "pisha". Kalitumia mara nyingi, hata palipokuwa na nafasi.

Dobi kaja kulichukua turubai lake. Nikampa vipande. Kavihesabu, kavikunja kimoja kimoja kama mashuka, kaniaga. Mtu huyu ana utulivu wa kutisha.

Alasiri shemeji kapiga simu. Mke wangu kazungumza naye kwa muda, kacheka mara mbili. Baadaye kaniambia mdogo wake anasema hakuna harusi mjini hapa itakayokumbukwa kama yake, na kwamba kabati wamelichukua, wanalipeleka kwao. Nikasema basi mambo yameisha vizuri, tunaweza kusema mpango ulifanikiwa. Mke wangu kanitazama. Kasema ingekuwa yeye ndiye mdogo wake, angenifungia humo kabatini.

Ila tunaongea.

Nimelitafakari jambo zima kwa uaminifu. Kosa ni la tarakimu. Mei ingeandikwa Mei, nani angepotea?

Jumatatu, 11 Mei

Fundi cherehani alialikwa harusini, kwa hiyo Mkuu alishajua yote kabla sijavua koti. Kaniita. Nikaketi. Nikatazama vidole vyangu.

Kasema kuanzia leo nihamie meza ya dirishani.

Nikadhani sikusikia. Karudia. Kasema kabla sijamwambia mtu yeyote habari za hali ya hewa, nigeuze shingo kwanza nitazame nje. Kipimo kakubali papo hapo, kahama na rula yake na kijiko chake, kasema ukutani hakuna mwanga wa kuakisi kwenye kompyuta. Maneno ya mtu aliyeshindwa.

Nimeyazungusha kichwani maneno ya Mkuu, mbele nyuma. Yana tafsiri moja tu. Nimepandishwa cheo.

Jumanne, 12 Mei

Mawingu machache. Upepo mwanana. Nimetazama nje kwanza, kama nilivyoagizwa.

Kumbe mtu ukikaa dirishani unaona mengi. Leo nimewatazama wapita njia tangu nilipofika. Tangu Kipimo akuze herufi wanaisoma skrini, nakubali. Lakini nimegundua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelitambua. Skrini inasema 08:00. Mtu anaitazama, kisha anamwambia mwenzake ni saa mbili. Inasema 09:00, wao wanasema saa tatu. Kila mtu anayepita barabara hii anatoa sita kichwani! Watoto, wazee, mama na mzigo kichwani, wote wanapigishwa hesabu bure, miaka yote, na kituo cha serikali!

Ndani ya mipangilio, juu kidogo ya tarehe, kuna sehemu ya saa. Unaweza kuirudisha nyuma kwa saa upendazo. Ukirudisha sita, skrini inasoma saa kama tunavyoisema midomoni mwetu. Jambo dogo. La kizalendo. Mkuu alinikataza kugusa tarehe. Saa si tarehe.

Kipimo yuko juu ya paa. Mkuu yuko mkutanoni.

Nimehifadhi.

Imekubali! 03:20. Saa tatu na dakika ishirini, safi, bila hesabu. Ila ile picha ndogo ya jua pembeni ya joto imeondoka, na mahali pake programu imeweka mbalamwezi na nyota mbili. Inapendeza. Na chini yake imetoa tangazo yenyewe, sikuliandika mimi: usiku mwema.

Watu wameanza kusimama chini. Wanaitazama skrini, wanalitazama jua, wanaitazama skrini tena. Wengine wamenyanyua nyuso zao huku juu dirishani.

Nimewapungia mkono.